Filamu Isiyo na Steringi

Kinyozi aliirudisha filamu akiwa ameishika kwa vidole viwili, kama mtu anayekwenda kutupa panya. Akaiweka juu ya meza ya duka, akaisukuma mbele, kisha akasema maneno ambayo mwenye duka alikuwa ameyasikia mpaka masikio yakaota sugu.

"Dokta, hii haina steringi."

Hebu sikia hayo. Mtu amekaa kitako mbele ya kazi ya watu waliotoa jasho. Amemwona mzee mmoja akimfundisha mbwa wa jirani asibweke, ameona urafiki ukianzia kwenye uzio wa waya na kuishia hapo hapo, halafu anachorudi nacho ni hicho tu. Steringi, kwa watu wa mtaa ule, ni yule anayewapiga wenzake wote na hafi. Risasi humkwepa. Gari likilipuka, yeye keshatoka zamani na nywele zimelala vilevile. Filamu ikikosa mtu wa namna hiyo, wao huiona hasara.

"Yule mzee ndiye steringi," Dokta akasema.

"Mzee? Hajampiga mtu hata mmoja!"

"Ulitaka ampige nani? Mbwa?"

"Angalau basi mwenye mbwa," kinyozi akajibu, na wala hakuwa anatania.

Dokta hakuwa daktari wa watu wala wa ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la filamu, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Ndani mlikuwa na kompyuta ambayo feni yake ilikoroma, rafu za mbao ukutani, na kiti cha mteja ambacho mteja hakukikalia mpaka ahojiwe. Jina walimpa kwa ajili ya mahojiano hayo. Ulikuja na flashi yako ukitaka filamu mpya, yeye akakuuliza unaumwa nini. Unaangalia na nani? Mkeo anapenda kulia au hapendi? Bosi amekukaripia leo? Ukishajibu alifikiri kidogo, akachagua, akakupa na masharti: hii ukishakula, simu iwe chumba kingine, na usiulize maswali mpaka iishe.

Wagonjwa wenyewe hawakutaka dawa. Walitaka ile ile iliyoonwa na binamu yao, na mwajiri wao, na mke wa mwajiri wao. Dokta alikuwa nazo hizo, maana duka lazima liende, ila alizitoa kwa uso wa mtu anayemuuzia mtoto sigara.

Mapenzi yake yalikuwa rafu ya chini kabisa, ile iliyogusana na sakafu, mpaka mteja apige magoti ndipo asome majina. Aliiita rafu ya mayatima. Zilikuwa filamu zilizokuja zimechanganyika kwenye maboksi ya wachuuzi na maduka mengine yakazitupa, kwa kuwa hazikuwa na sura inayojulikana, au jalada lilikuwa baya, au zilitoka nchi ambazo watu hawajui ziko upande gani. Dokta alizitazama zote. Mlikuwa na ya ndugu wawili waliogawana nyumba ya baba yao kwa ukuta, wakaishia kuzungumza kupitia tundu la soketi. Mlikuwa na ya mpiga picha wa harusi aliyeharibu picha zote, akazunguka kuwaomba maharusi warudie kufurahi. Nani amewahi kuziona? Hakuna. Upuuzi wenye makelele huzunguka dunia nzima, na kitu kilichotengenezwa kwa moyo hukaa sakafuni kikila vumbi, kisha watu hao hao hulalamika kwamba siku hizi hakuna filamu nzuri. Dokta akilisikia hilo alipandwa na mori hadi miwani ikafanya ukungu.

Mara moja tu nesi wa zahanati ya jirani alichukua ile ya mpiga picha. Siku ya pili akaja, akasimama kwenye meza, akauliza, "Kuna nyingine kama hii?" Kwa swali hilo moja Dokta aliishi msimu mzima.

Sasa, kati ya mayatima wote, mmoja ndiye aliyemwondolea usingizi. Filamu yenyewe ilisemwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani, lakini haidhuru, kwa sababu humo karibu hakuna anayesema. Ni mke na mume katika nyumba ya ghorofani. Walikuwa na mtoto, sasa hawana. Bomba la jikoni linadondoka, fundi anaitwa, linadondoka tena, anaitwa mara ya pili. Mume husimama mlangoni. Mke hufungua kabati, akatoa kiatu kidogo, akaingiza kidole ndani na kukizungusha pole pole, kisha akakirudisha. Hivyo tu. Dokta alipoiona mara ya kwanza aliisifu. Alipoirudia baada ya dada yake kufiwa, alilazimika kuizima katikati, akatoka kusimama nje juani.

Dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja, alikuwa amemzika binti yake wa pekee, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Homa ilikuja, ikamchukua. Tangu hapo dada alikuwa mtu wa kujibu ndiyo na hapana. Na mume wake ndiye aliyekuwa maarufu kuliko watu wote wa mtaa kwa kusema.

Huyo walimwita Kinanda. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu kwa mdomo. Aliketi mbele ya picha na maiki, filamu ya kigeni ikaenda, naye akamtilia kila mtu maneno ya Kiswahili: mwanamume, mwanamke, askari, hata farasi. Hakuwahi kuitazama filamu kabla ya kuitafsiri. Alisema ukiiona mara mbili utani unachacha. Lugha hakuijua hata moja, akatia chumvi kwa koleo, na watu wakavunjika mbavu. Nakala zake zilikwenda kama maji.

Baada ya msiba Kinanda alizidi kusema. Dokta aliyaona kwa macho yake. Siku moja wakiwa mezani, dada alitoa kabatini sahani ya plastiki ya mtoto, akaishika, akaanza, "Unakumbuka siku ile ali..." Hapo hapo Kinanda akaingilia na kisa cha askari aliyemkamata mbuzi akidhani ni mshitakiwa. Akakisimulia kwa sauti tatu. Dada akairudisha sahani, akafunga kabati. Dokta alitamani kumtia shemeji yake pamba kinywani.

Ndiyo maana Kinanda alipopita dukani kuchukua filamu za kazi, Dokta akampa na nakala ya ile ya kiatu, mkononi, peke yake.

"Shemeji, hii si ya kazi. Ni yako na dada. Mkae, muiangalie mpaka mwisho, mdomo umefungwa. Usiitafsiri. Umenisikia?"

"Mimi tena, shemeji? Kwani mimi sijui kunyamaza?"

"Hujui."

Akacheka, akaitia mfukoni, akaenda zake akiimba.

Mvua zikaja, zikaisha. Dokta aliwauliza mara mbili tatu, Kinanda akajibu, "Tutaiona tu, shemeji, haraka ya nini," na dada akauliza, "Filamu gani?" Akajua haijafika. Akakata shauri kuipeleka mwenyewe mwisho wa wiki.

Kabla ya mwisho wa wiki, kinyozi akaingia dukani na flashi yake juu, kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Dokta, leo dawa nakupa mimi! Umeiona Fundi Balaa?"

"Fundi nani?"

"Fundi Balaa! Usiniambie hujaiona. Mtaa mzima unaisema. Hii ni filamu ambayo watu hawaijui, mimi nimeigundua mapema. Weka hapo, weka."

Dokta akaiweka. Ikaanza sauti ya Kinanda, karibuni wapenzi watazamaji, leo ni leo, kisha picha ikatokea: jiko la ghorofani, bomba linalodondoka, mwanamke ameipa kamera mgongo. Dokta akaitambua mara moja. Pale palipokuwa na ukimya, ule ukimya uliomtoa yeye nje juani, Kinanda alikuwa akibana pua na kulia kwa sauti ya kike: "Jamani bomba hili! Nani atakayenifungia mie, nimelowa hadi ndoto!" Fundi akaingia na kisanduku chake. "Steringi huyo! Kaingia!" Kinanda akanguruma. Fundi wa watu, aliyeonekana mara mbili tu na kuondoka, alikuwa amegeuzwa jasusi. Spana yake ilikuwa silaha ya siri. Mume aliyesimama mlangoni akiwa amepotelewa na kila kitu alikuwa adui mkuu, ametumwa na genge la wauza mabomba.

Kinyozi alikuwa anajipiga mapajani.

"Hii filamu," Dokta akasema, na sauti yake haikuwa yake, "nilikupa mwaka jana. Ukaikataa."

"Hii? Haiwezekani." Kinyozi akafuta machozi ya kicheko. "Hii ina steringi."

Sijui kama kuna tusi kubwa kuliko hilo. Miaka yote mtu anawabembeleza watu wakitazame kitu, wanamwona mgonjwa. Anakuja bingwa wa kelele, anakivua nguo, anakipaka rangi, anakipa jina la kihuni, na watu hao hao wanarudi mbio kumpendekezea mwenyewe, tena kwa kumhurumia kwamba amepitwa. Dokta alimtoa kinyozi dukani kwa ncha ya ufagio, flashi ikamfuata kwa hewa.

Kesho yake, mchana, dada yake akaja. Hakuwa na kawaida ya kuja dukani. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuhojiwa, mikono juu ya magoti.

"Mdogo wangu, majirani walinialika jana. Njoo ucheke kidogo, wakasema, mumeo katumaliza mbavu. Nikaenda."

Dokta akaelewa kabla hajamaliza.

"Tulikuwa wengi, tumebanana. Mimi nikawa namtazama yule mama. Maneno yalikuwa yanapita tu, sikuyashika, nilikuwa namtazama yeye. Nikajua. Hakuna aliyeniambia, nikajua tu amefiwa. Halafu akatoa kile kiatu. Na mume wangu akasema, kumbe fundi amesahau kiatu chake! Kumbe fundi ana mguu wa sungura! Watu walianguka chini kwa kicheko. Nikacheka na mimi. Unanisikia? Nilicheka ili wasinitazame."

Dokta akataka kumshika mkono, dada akauondoa. Hakutaka kupozwa, alikuwa na hasira, na hasira ilimpendeza kuliko ule ubaridi wa ndiyo na hapana.

"Nipe ile ambayo mume wangu hayumo."

"Dada..."

"Nipe. Nikishaiona nafunga virago, naenda kwa mama. Nimechoka kuolewa na redio."

Dokta akamnakilia. Dada alipoondoka, akafunga duka mchana kweupe, akamwachia kinyozi swali mdomoni, akaenda moja kwa moja mpaka chumba anachorekodia Kinanda.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya duka la rangi. Kuta zote zilifunikwa kwa magodoro mabovu ili sauti za nje zisiingie, na maiki ilivalishwa soksi. Kinanda alikuwa katikati ya kazi, shati wazi, jasho linamtiririka, akipigana kwa niaba ya watu wanne. Dokta akachomoa waya.

"Shemeji! Nilikuwa nimefika pazuri!"

"Nilikwambia nini kuhusu filamu ile?"

Kinanda hakuwa mtu wa kukosa neno. "Ungenishukuru, shemeji. Tuambiane ukweli. Miaka yote umeilaza sakafuni, unalia watu hawaitazami, watu hawaitazami. Mimi nimeiingiza kila nyumba. Si ndicho ulichokuwa unakililia? Waione?"

Neno hilo lilimchoma Dokta, kwa kuwa ndicho alichokuwa anakililia, na mbele za watu.

"Wamemwona fundi," akasema. "Yule mama hakuna aliyemwona. Na wewe hujamwona."

"Nimeitafsiri yote, mwanzo mpaka mwisho!"

"Umeitafsiri. Hujaiangalia. Unajua mkeo alikuwa wapi jana? Alikuwa kwa majirani, amebanwa katikati ya watu, anaisikiliza sauti yako. Amefika pale pa kiatu. Unakumbuka ulisema nini pale pa kiatu?"

Kinanda akafikiri kweli. Kwenye uso wake ilionekana anatafuta, na hakuna anachopata. Maneno aliyotapika yalikuwa mengi mno kuyakumbuka.

Dokta akamrudishia neno kwa neno, na mguu wa sungura ndani. "Wote wakacheka. Na mkeo akacheka, ili wasijue kwamba ni yeye wanayemcheka. Sasa anafunga virago."

Kinanda akakaa juu ya kisanduku cha nyaya.

"Niliiweka kama ulivyoniambia," akasema. "Nyumbani, nikiwa peke yangu. Nilitaka nionje kwanza, halafu nimwite. Yule mama akafungua kabati. Shemeji, hata kiatu hajakitoa, mimi tayari nimeichomoa, nimekuja nayo huku kwenye maiki. Mkono ulienda wenyewe."

"Mkeo alikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Hatua chache tu! Ungemwita."

"Nimwite nimwambie nini?"

Dokta hakumhurumia. Msimulizi mwingine angesema alimhurumia, maana mwanamume alikuwa amejikunyata pale kama aliyenyeshewa, lakini ukweli ni kwamba damu ilikuwa bado inamchemka. Mtu mzima, mdomo unaoweza kumsemea hata farasi, anakosa neno moja la kumwambia mke wake, na kwa kulikosa hilo moja anamwaga mengine elfu juu ya kaburi la mtoto.

"Simama," akamwambia. "Twende. Na njiani usiniambie kitu."

Hakumwambia kitu.

Walimkuta dada sebuleni, mapazia yameshushwa, picha inatembea. Hakugeuka walipoingia. Kinanda akabaki amesimama karibu na mlango kwa sababu hakuambiwa akae, na Dokta akaona, kwa uchungu wa kumkera, kwamba mume wa kwenye filamu alikuwa amesimama vilevile. Bomba likadondoka. Fundi akaja, akafanya kazi yake kimya kimya, akafunga kisanduku chake, akaondoka, fundi wa kawaida kabisa mwenye njaa ya mchana. Mara mbili Kinanda alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na mara zote mbili Dokta alimtolea macho.

Yule mama akafungua kabati. Akakitoa kiatu, akatia kidole.

Dada akaisimamisha picha.

"Anasema nini?" akauliza, macho bado kwenye kioo.

Kinanda akamtazama Dokta, kisha mke wake. "Hasemi, mke wangu. Hapo hasemi kitu."

"Wewe si mtafsiri? Wote umewapa maneno. Fundi umempa, bomba umelipa. Mpe na huyu. Ya kweli."

Kinanda akafungua mdomo. Sauti iliyokuja haikuwa ile ya maiki. Ilikuwa nyembamba, ya mtu yeyote.

"Anasema... anasema viatu vilikuwa vinambana. Mtoto alisema vinambana kidoleni, hapa mbele, na wao wakamwambia avumilie kidogo, vitalegea. Anapima kwa kidole. Anataka kujua vilikuwa vinabana kiasi gani."

Dada akaweka kiganja mdomoni. Dokta, ambaye hasira yake yote ilikuwa imesimama wima tangu jana, akaketi sakafuni.

"Na yule," dada akasema alipoweza. Akanyoosha kidole kwa mwanamume wa mlangoni. "Yule baba. Yeye anasema nini?"

Kinanda akamtazama yule mwanamume. Akamtazama kwa muda ambao hajapata kuipa picha yoyote maishani mwake.

"Huyo siwezi," akasema. "Huyo mimi siwezi kumtafsiri."

"Basi kaa hapa mpaka uweze," dada akasema, akamsogezea nafasi kwenye kochi, akaiachia picha iendelee.